Utitiri Kwenye Pilipili za Baba

Baba yangu hakuwahi kushika jembe kwa moyo mpaka alipoacha kazi. Alikuwa Hima, kwenye kiwanda cha simenti, miaka mingi kiasi kwamba nilipokuwa mdogo nilidhani wanaume wote wakubwa wana nyusi za kijivu. Mama ndiye aliyelima. Kipande chetu cha Bwera, kinachoteremka taratibu kuelekea mto Lhubiriha, kilikuwa chake: muhogo, maharage, migomba michache. Mama alipofariki shamba lilikaa mwaka mzima likimea magugu. Baba aliporudi nyumbani na kikohozi chake tulidhani atakaa barazani asikilize redio, basi.

Badala yake akapanda pilipili. Na si pilipili yoyote, bali pilipili mbuzi, zile nene zenye mikunjo, ambazo ukizipasua jikoni jirani anapiga chafya. Nilimuuliza kwa nini pilipili, yeye ambaye hata mchuzi ukiwa na ukali kidogo anasukuma sahani.

"Simenti haina harufu," akasema. "Miaka yote ile sikunusa kitu. Nataka kitu chenye harufu."

Nyumbani tuliongea Lhukonzo, na maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza. Wakati huo, katikati ya miaka ile ya elfu mbili na kumi, mimi nilikuwa nauza kwenye duka la dawa za mimea mjini Kasese, upande wa Nyamwamba. Nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, nimevaa koti jeupe alilonipa mwenye duka, na watu walioshuka milimani na majani yaliyougua mifukoni waliniita daktari. Sikuwa daktari wa chochote. Nilijua rangi za chupa na mahali zinapokaa kwenye rafu. Jumamosi mchana nilifunga nikaenda Bwera kumwona baba.

Msimu wa kwanza pilipili zilikubali vizuri mno. Ndipo alipotokea yule mama wa Butembo.

Alikuwa Mkongomani, mjane kama baba alivyokuwa mjane, aliyekimbia vurugu za upande wa Beni na kupanga chumba Bwera. Siku za soko la Mpondwe, Jumanne na Ijumaa, aliuza pilipili mbichi na pia pilipili ya chupa, iliyotwangwa na vitunguu saumu na kukaangwa kwenye mafuta ya mawese. Alfajiri ya siku ya soko alipita mashambani kuchuma mwenyewe, kwa mikono yake, kwa sababu hakuamini jicho la mtu mwingine. Kila alipoanza kuchuma alipasua moja kwa ukucha, akaigusisha ulimini, akafumba macho, kisha akatamka hukumu yake.

"Hii iko na roho," alisema siku ile ya kwanza. "Papa, nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu," baba akajibu, kwa Kiswahili chake cha kiwandani. "Mimi najifundisha tu."

Kinande chake na Lhukonzo chetu ni ndugu wa karibu, wangeweza kuelewana bila taabu. Lakini katika mambo ya shamba waliongea Kiswahili, kila mmoja na chake kilichopinda kwa namna yake, na Kinande wakakiweka kwa kuulizana habari za wafu wao. Mimi niliona mapema mambo yanaelekea wapi. Baba alianza kunyoa ndevu usiku wa kuamkia Jumanne. Nilicheka peke yangu.

Msimu wa pili, jua lilipokuwa kali na mvua imekataa, akanipigia simu dukani.

"Pilipili zimekunja mikono," akasema.

Nilipofika Jumamosi niliona alichomaanisha. Majani ya juu kabisa, yale machanga, yalikuwa yamesinyaa na kuwa membamba, kingo zimejikunja kwenda chini. Ukiyageuza, chini yalikuwa na rangi ya shaba. Maua yalidondoka kabla ya kushika. Matunda machache yaliyokuwepo yalikuwa na ngozi ya kahawia iliyokwaruza, kama ganda la kiazi. Nilitafuta wadudu kila mahali, nikapindua majani, nikakung'uta matawi juu ya leso yangu. Sikuona kitu.

Hapo ndipo ningesema sijui. Lakini baba alikuwa amesimama mbele yangu na gambuti zake na bomba lake jipya la mgongoni, akinitazama kama wale watu wa milimani walivyonitazama. Binti yake, wa koti jeupe. Nikamwambia ni wadudu wanaofyonza maji ya mmea, na Jumamosi iliyofuata nikamletea chupa ya dawa inayoua kila kinachotembea.

Baba alikuwa mtu wa zamu. Kiwandani ukiambiwa kila baada ya saa nane, ni saa nane. Alipiga dawa kila siku ya tano bila kukosa, na majani yakazidi kukunjika. Nikamletea nyingine, kali zaidi, ile inayoingia ndani ya mmea na kutembea na utomvu wake. Mwenye duka alinisifu kwa kuijua. Yule mama akawa analalamika kwamba kichwa kinamuuma kila akitoka kuchuma kwetu, akasema ni jua la sokoni. Pilipili alizidi kuchukua, zile chache zilizokuwa bado nzuri, kwa ajili ya baba zaidi kuliko kwa ajili ya soko. Hilo aliniambia mwenyewe baadaye.

Jumanne moja baba alipiga simu saa saba mchana. Sauti yake sikuitambua.

"Njoo. Mama wa pilipili ameanguka sokoni. Anatapika, jasho linamtoka kama mtu aliyemwagiwa maji. Tuko hospitali."

Niliomba ruhusa nikaondoka na koti langu mwilini. Nilipofika nilimkuta amelala, mate yakimtoka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama mbegu za mchicha. Baba alikuwa amesimama kando ya kitanda ameshika chupa. Alikuwa amekimbia nyumbani kwa boda kuileta, kwa sababu muuguzi alimuuliza yule mama alichuma wapi na shambani tuliweka nini.

"Ulipiga lini?" muuguzi alimuuliza.

"Jana jioni."

"Na yeye amechuma leo asubuhi? Kwa mikono mitupu?"

"Na aliionja," baba akasema polepole. "Huwa anaonja."

Muuguzi akaigeuza chupa akasoma kile kikaratasi cha nyuma, chenye maandishi madogo kuliko chawa. Akasoma kwa sauti kwamba baada ya kunyunyiza usichume kabla ya siku kumi na nne. Akatutazama sisi wawili.

"Nani aliwauzia hii?"

Baba hakunitazama. Nadhani angesema ni duka fulani tu la Kasese, akaishia hapo. Nikasema, "Ni mimi." Niliposema hivyo nilitambua kwamba nilikuwa nimeuza chupa ile kwa watu nisioweza kuwahesabu, na upande ule wa nyuma sijausoma hata mara moja.

Walimchoma sindano, wakamvua nguo alizochumia, wakamwosha mikono na ngozi kwa sabuni. Jioni mate yalikuwa yamekatika. Alilazwa siku mbili. Siku ya pili alipata nguvu ya kukaa na kutukaripia, na hapo nikajua atapona.

"Papa, kama ulitaka nisikuye tena kwako, ungesema tu kwa mudomo," alimwambia baba. Baba akacheka na kulia kwa pamoja, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya hata siku ya kumzika mama. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe? Unauzishaka dawa kwa batu, hausomake maandiko yake?"

"Sikusoma, Mama."

"Soma sasa. Soma hapa, nisikie."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda cha hospitali nikamsomea kikaratasi chote, neno kwa neno, nikitafsiri kutoka Kiingereza, mpaka mahali panaposema chupa tupu ifukiwe. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza Injili. Nilipomaliza akauliza swali ambalo sisi hatukuwa tumeliwaza.

"Na zile za ndani ya machupa yangu? Zile nilishatwanga?"

Alipotoka hospitali hakwenda kupumzika. Alikuja shambani na chupa zake zote za pilipili, kazi ya wiki nyingi. Baba alikuwa amekwisha kuchimba shimo mbali na mto. Alivaa mifuko ya nailoni mikononi, akachuma kila tunda lililokuwa shambani, bovu na zuri, akalitupa humo. Mama yule akafungua chupa moja baada ya nyingine akamwaga. Harufu ya mawese na vitunguu saumu ilipanda mpaka macho yakatutoka machozi, na ilikuwa rahisi kujifanya ni kwa sababu hiyo. Zile alizokuwa amekwisha kuuza hatukuweza kuzirudisha. Alizunguka soko zima siku ya Ijumaa akiuliza wateja wake kama kuna aliyeugua. Hakumpata aliyeugua, lakini hakulala vizuri kwa muda, na mimi pia.

Dukani nilimweleza mwenye duka. Hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza huku akipanga maboksi, kisha akasema wakulima hawasomi, wala hawapendi kusomewa, na kama nina swali nimngoje bibi shamba, yule afisa wa kilimo aliyekuwa akipita dukani mara moja moja na pikipiki yake. Nilimngoja. Alipokuja nikamtolea vichwa vya pilipili za baba, nilivyovifunga kwenye jani la mgomba ili visinyauke.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, aliyevaa kofia ya pikipiki hata ndani ya nyumba. Alitoa mfukoni kioo kidogo cha kukuzia, akakiweka jichoni, akaligeuza jani moja juani pale mlangoni. Akanipa kioo.

Mwanzoni niliona vinyweleo tu vya jani. Kisha kimoja kikatembea. Kilikuwa kama tone la maji lenye rangi ya chai hafifu, kinang'aa, kinakimbia kando ya mshipa wa jani, na nyuma yake kingine, na kingine.

"Utitiri," akasema.

"Kama wa kuku?"

"Ukoo mmoja, na buibui na kupe ni jamaa zake. Huu hauonekani kwa macho, ndiyo maana watu wanasema pilipili imelogwa. Mmepiga dawa gani?"

Nikamwonyesha kwenye rafu. Akatikisa kofia yake.

"Hizi ni za wadudu. Utitiri hauzisikii sana. Ila kuna viumbe vidogo vinavyokula utitiri, na hivyo ndivyo mlivyovimaliza. Mmewaua askari mkawaachia wezi nyumba."

Nikamwomba aje Bwera amwambie baba, maana mimi sikujiamini tena. Akaja. Alipita mistari yote, akaonyesha mimea ya kung'oa kabisa na mimea ya kukata vichwa tu, akasema vyote vichomwe moto siku hiyohiyo, visivutwe kupitia kwenye mimea mizima. Magugu ya kando yaondolewe kwa sababu utitiri hujificha humo. Anayefanya kazi aanze na upande mzima amalizie na upande ulioumwa, kisha anawe na abadili nguo, maana utitiri unapanda mtu bila yeye kujua. Halafu salfa, ule unga wa manjano unaoua utitiri, asubuhi na mapema kabla jua halijachoma, chini ya majani, basi. Zile chupa nyingine zikae mbali.

Baba alisikiliza amesimama wima. Mwishoni akauliza, "Na ile sumu iliyomo ndani, inakwenda wapi?"

"Jua linaivunja, mzee. Mvua inaosha kidogo. Mmea wenyewe nao unaivunja ndani yake, polepole. Kila dawa na mwendo wake. Iliyo juu ya ganda unaweza kuiosha kiasi. Iliyoingia ndani ya tunda huiwezi hata kwa sabuni, inataka siku zake."

"Mimi nilikuwa napiga kila siku ya tano," baba akasema, "na yeye anachuma kila Jumanne na Ijumaa."

Yule mama alikuwa ameketi juu ya jiwe karibu na mgomba, bado mdhaifu, kitambaa kichwani. Akasema kutoka pale pale: "Iliisha, Papa. Sasa tufanye kazi."

Nakumbuka wiki zile kwa furaha ambayo hata leo inanishangaza, kwa sababu zilikuwa za taabu. Tuling'oa karibu nusu ya shamba. Mama yule alikuja kila asubuhi asiyokuwa sokoni, na mikasi yake ya cherehani, akakata vichwa vya pilipili akiimba nyimbo za kanisani kwao. Baba, Mprotestanti wa kuzaliwa, akajikuta anaitikia. Alichana ovaroli lake la kiwandani vipande vipande, na kila mstari aliopiga salfa akaufunga kipande kwenye mti wa pembeni. Kipande kikiwepo, hakuna kuchuma. Siku alizihesabu kwa mkaa ukutani mwa jiko. Jirani mmoja alimuuliza kama ameanza uganga. "Ndiyo," baba akamjibu, "uganga wa kusoma." Yule jirani alicheka, lakini baadaye alikuja na chupa yake mwenyewe nimsomee.

Majani mapya yalipotoka yakiwa mapana, yamenyooka, baba alinipigia simu dukani kwenye saa za kazi ili kuniambia hivyo tu.

Matunda ya kwanza yaliiva Jumamosi, na nilikuwepo. Alama za mkaa zilikuwa zimefika mara mbili ya siku za kungoja za salfa; baba hakutaka kubahatisha. Yule mama alikuja na kikapu. Akachuma moja, nyekundu, safi, akaipasua kwa ukucha kama kawaida yake. Mkono ukapanda mpaka karibu na mdomo, ukasimama hapo. Alilitazama tunda tu.

Baba alimwona. Akatembea mpaka kwenye mti, akachuma pilipili mbuzi nzima, akaipangusa kwenye shati, akaitia mdomoni yote na kutafuna.

"Baba!" nikapiga kelele.

Akatafuna akameza. Kwa muda mfupi alisimama kwa heshima kabisa, kama mtu anayepigwa picha. Kisha masikio yakawa mekundu, machozi yakamtoka, kwikwi ikamshika, akaanza kuzunguka shambani kati ya mistari akipunga kofia mdomoni. Mama yule alicheka mpaka akakaa chini udongoni, kikapu kikapinduka. Alikuwa hajacheka hivyo tangu siku ya hospitali. Alipopata pumzi alimpigia kelele kwa Kinande, si Kiswahili, kwamba asinywe maji, maji yanaongeza moto, nikakimbilia jikoni nikaleta ndizi mbivu na maziwa. Yule mama alimlisha ile ndizi kwa mkono wake, kipande kwa kipande, akimwambia yeye ni mwanaume mjinga kuliko wote wa mpakani.

"Inatosha?" baba akamuuliza akiwa bado na kwikwi. "Iko salama?"

Akainua nusu ya ile aliyoipasua, iliyokuwa bado mkononi mwake, akaigusisha ulimini, akafumba macho.

"Iko na roho," akasema.

Dukani nilikaa miaka mingine mitatu. Kila aliyenunua chupa nilimsomea upande wa nyuma, akitaka asitake, nikaandika kwa kalamu nene juu ya kifuniko idadi ya siku za kungoja. Mwenye duka alinung'unika kwamba foleni inafika barabarani. Kisha watu wakaanza kushuka kutoka Bulembia wakiuliza duka la msichana anayesoma, naye akaninunulia kalamu nyingine, nyekundu.

Baba alinifuata Kasese siku moja ya kazi, amevaa suti aliyovaa kumzika mama. Alizungukazunguka dukani akigusa maboksi. Mwisho akasema anataka kumwomba yule mama wahamie pamoja, na kwamba huyo mama ni Mkatoliki na hataacha rozari yake, na je, mama yangu angekasirika?

Nilimwambia mama angekasirikia ndevu tu, kwamba kwake hakuwahi kuzinyoa hivyo.

Walifunga ndoa katika kanisa la bibi harusi, baba akiwa amekaa mstari wa mbele bila kujua ni wakati gani wa kupiga magoti, akimtazama mkewe kwanza kila mara. Tulikula sombe, yaani kisamvu, na ugali wa muhogo na mbuzi mmoja. Wakwe waliovuka mpaka kutoka Butembo walimwita baba Papa Pilipili, na jina hilo limemganda.

Siku hizi hoja yao ni bata. Mama, ndivyo ninavyomwita sasa, alinunua bata wawili Mpondwe bila kumuuliza, na baba anadai wanakula miche yake, wananya barazani na kumwamsha kabla ya redio. Amenilalamikia kwa simu mara tatu kwamba ama yeye ama bata. Jumamosi iliyopita nilipofika nilimkuta nyuma ya nyumba, shati limelowa, amepiga magoti, anachimba na kusiriba kidimbwi kwa simenti. Alikuwa akipima kina kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. Aliponiona alisema ni cha kuhifadhia maji.